Wifi, Nisomee Zile Namba

"Wifi, nisomee zile namba haraka! Muda unakwisha, wallahi!"

Umulkheir aliitoa simu sikioni akaitazama. Namba ya Oman, lakini si ya Nabil. Sauti ilikuwa ya mwanamke, Kiswahili chake cha Kiunguja, na nyuma yake watu walikuwa wakiitana kwa Kiarabu.

"Samahani," alisema. "Nani mwenzangu?"

"Mimi Razan, mke wa Nabil. Najua hatujawahi kusema mimi na wewe, aibu yangu. Si wewe dada Umulkheir? Nabil kanambia nimpigie Umu wa Lamu, ndiye mwenye namba."

Kwenye meza ya duka, kando ya mashine ya kutoa nakala, simu kuukuu ya Nabil ikatoa mlio mfupi. Ujumbe umeingia.

Umulkheir hakuutazama.

"Mke wa Nabil yupi?"

"Nabil wako! Nabil Taha, kakako. Wifi, unanisikia? Mtandao mbaya?"

"Nakusikia."

Alisikia kila neno. Mke. Kakako. Wifi. Akajishika kwenye ukingo wa meza.

Huyo Nabil alikuwa mchumba wake wa mwaka wa tatu. Posa ilipokewa, Fatiha ikasomwa, harusi ikapangwa baada ya Maulidi. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha bara, akitafiti kaa wa mikokoni, na miaka miwili iliyopita alikwenda Muscat kufanya kazi kwenye maabara ya huko. Kazi zote za chuo, vitabu, takwimu zake, hata mahali pa kuwasilishia tasnifu, zilifunguka ndani ya mtandao wa chuo tu. Aliye mbali hupitia VPN: mwili wako uko Muscat, lakini ukishaunganishwa, kompyuta za chuo zinakuona kama mtu aliyeketi maktabani. Na ili uunganishwe ilitakiwa nywila, kisha namba sita ambazo chuo hukutumia kwenye simu uliyojiandikisha nayo.

Nabil alijiandikisha kwa laini yake ya Kenya, na laini hiyo haikupokea ujumbe Oman. Kwa hiyo aliiacha kwa mchumba wake. Kila akitaka kuingia, alimpigia Umulkheir, naye akamsomea namba sita. Baada ya namba walizungumza. Siku nyingine walizungumza saa nzima, na kazi ya chuo ikangoja.

Miaka miwili. Hajawahi kuchelewa hata mara moja.

"Nabil mwenyewe yuko wapi?" aliuliza.

"Chumba cha upasuaji!" Sauti ya Razan ikapasuka. "Kidole tumbo kimepasuka ndani. Tangu alfajiri anajikunja, anasema gesi, gesi tu. Tumemleta hapa hajiwezi. Wanamsukuma kwenye kitanda, yeye ananambia tasnifu, Razan, tasnifu."

Umulkheir alisahau yote mengine.

"Yuko hai?"

"Yuhai. Daktari anasema wamemuwahi. Lakini wifi, mwisho wa kuwasilisha ni leo saa kumi na moja za kwenu, na chuo kimeshamwongezea muda mara mbili. Nimepiga simu ofisi yao ya mitandao, nimempata bwana mmoja, Wafula. Anasema mfumo ukifunga umefunga, na namba ya simu haibadilishwi mpaka mwenyewe afike na kitambulisho. Nimekaa kwenye baraza ya hospitali na kompyuta mapajani. Nisomee, tafadhali."

Umulkheir aliitazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika thelathini na mbili.

Hebu fikiria, msomaji. Angeweza kukata. Angeweza kusema simu imeisha chaji. Dakika ishirini na nane tu za kunyamaza, na miaka mitano ya masomo ya Nabil ingeteketea, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Aliiokota simu kuukuu. Macho yake yaliona ukungu.

"Nne, sifuri, saba," alisoma. "Saba, mbili, tisa."

"Imekataa. Inasema muda wake umepita."

"Ilikaa sana. Bonyeza pale chini waitume tena."

"Nimebonyeza."

Mlio mfupi.

"Moja, tano, tano. Nane, sita, mbili."

"Imekubali! Ah, hapana. Duara linazunguka tu, sasa limerudi mwanzo. Ya Rabbi!"

"Umeunganisha na mtandao wa hospitali?"

"Ndiyo."

"Utoke. Mitandao ya mahali pa watu wengi mara nyingi huizuia VPN. Washa hotspot kwenye simu yako, uunganishe kompyuta na simu. Ndivyo alivyofanya alipokuwa uwanja wa ndege wa Doha."

"Doha? Alikwambia?"

"Nilikuwa naye kwenye simu."

Razan hakulitia maanani. Alikuwa anahangaika na kompyuta, akijisemea. Umulkheir akasubiri. Nje, mwanamke alisimama mlangoni na karatasi za kutolewa nakala, akautazama uso wa mwenye duka, akaondoka bila kusema neno.

"Hotspot tayari. Nisomee tena."

"Tatu, moja, sita. Sifuri, nne, nane."

"Alama imekuwa kijani!"

"Basi umo ndani. Usiifunge VPN hata ukiona imekaa kimya. Fungua ukurasa wa shule ya uzamili, upande wa kulia pameandikwa kuwasilisha. Faili lake ni lile lenye neno mwisho na namba tatu. Usichukue lile la namba mbili, lina jedwali lenye makosa kwenye sura ya nne."

"Wifi, wewe unajua kila kitu," Razan alisema, na ilikuwa shukrani ya kweli, haina kejeli hata chembe.

Umulkheir alijua, kwa sababu sura ya nne ni miguu yake. Yeye ndiye aliyekwenda Ndau na Kipungani na kinasa sauti, akaketi na watega kaa, akauliza maswali ya Nabil, akayaandika majibu na kuyatuma.

"Linapanda," Razan alisema. "Asilimia arubaini. Sitini. Wifi, faili liko wazi hapa, umetajwa kwenye shukrani! Ngoja nikutafsirie, Kiingereza changu cha kuunga. Anasema, kwa mke wangu Razan, aliyenivumilia. Kwa mama yangu, Bi Alawiya. Na kwa Bi Umulkheir, msaidizi wangu wa utafiti kule Lamu."

"Msaidizi," Umulkheir alirudia.

"Ndiyo. Mia! Imefika mia! Inasema imepokewa, saa kumi na dakika hamsini na moja. Alhamdulillahi! Wifi, Mungu akupe, umeniokolea nyumba yangu!"

"Amin," alisema Umulkheir. "Akitoka upasuaji, nijulishe."

Akakata simu, akafunga duka.

* * *

Hakwenda kwao. Alikwenda Mkomani, nyumbani kwa Bi Alawiya, mamake Nabil.

Mlango huo aliuingia bila kubisha tangu mamake mzazi alipofariki, yeye akiwa darasa la saba. Bi Alawiya ndiye aliyemfunza kusuka nywele zake, ndiye aliyemwambia mambo ambayo baba hawezi kumwambia binti. Siku hizi Umulkheir ndiye aliyemdunga sindano ya sukari kila asubuhi, na jioni akifunga duka alipita kumjulia hali.

"Ndoo, mwanangu, ndoo. Yeo umeya mapema," Bi Alawiya alisema kwa Kiamu chake, akimwashiria akaribie. Alikuwa kitandani akichambua mchele kwenye ungo.

"Nabil anafanyiwa upasuaji."

Ungo ulianguka. "Ya Allah! Upasuaji wa nini? Nani amekwambia?"

"Mkewe."

Bi Alawiya akainamisha macho. Mchele ulikuwa umetapakaa sakafuni. Umulkheir alimtazama usoni akingoja mshangao, akingoja aulize mke gani. Mama hakuuliza.

Hapo ndipo moyo ulipovunjika hasa, wala si kule dukani.

"Ulijua," alisema.

"Mwanangu..."

"Tangu lini?"

Bi Alawiya alivuta upande wa mtandio akajifuta uso. "Nilipokwenda umra. Nilirudi kwa ndia ya Muscat. Waliniita kwenye nikaha."

"Nikaha ilisomwa na wewe umeketi hapo."

"Nalikuwako."

"Miezi saba, Bi Alawiya. Miezi saba nakuya hapa kila siku. Nimekushonea nguo ya kuvaa harusini. Ukasimama, nikakupima, ukaniambia mikono niipanue kidogo!"

"Alisema atakwambia mwenyewe! Kila nikimpigia, anasema ngoja nimalize kusoma, mama. Nami niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukukosa." Bi Alawiya alianza kulia. "Mimi sina binti. Niliona, hata akiwa na huyo wa Muscat, sharia inamruhusu. Uye nyumbani kwangu uwe mke wa pili, lakini uye. Nilitaka uye kwa hali yoyote."

"Ukaona mimi nisiulizwe."

Umulkheir alipiga magoti akakusanya mchele wote kwa viganja, akaurudisha kwenye ungo. Kisha akaandika namba ya Razan kwenye karatasi, akaiweka kitandani.

"Huyu ndiye atakayekupa habari za mwanao. Sindano ya kesho, mwite Bi Mardhiya wa jirani, anajua kudunga. Mimi sitakuja."

"Umulkheir! Mwanangu!"

Alikuwa ameshafika mlangoni.

* * *

Siku mbili baadaye, ujumbe uliingia.

*Umu nimetoka hospitali. Razan kaniambia ulivyomsaidia. Najua umeumia. Naomba nikupigie.*

Hakujibu.

*Umu, naomba dakika tano.*

*Umu sikulala.*

Siku ya tatu alipokea.

"Umu," Nabil alisema. Sauti ilikuwa dhaifu ya mgonjwa, na Umulkheir alijichukia kwa jinsi roho ilivyomruka kuisikia.

"Kidonda kinaendeleaje?"

"Kinapona. Umu, nisikilize. Sikuwa nimepanga."

"Nikaha haipangwi? Ulikuwa unapita njiani ukaozwa?"

"Babake Razan ndiye aliyenipa makao nilipofika. Walinitendea wema. Nikawa naingia na kutoka pale, watu wakaanza kusema. Mzee akaniita akaniuliza nia yangu. Nilikuwa mpweke, Umu. Nti ya watu, ugenini. Nikashindwa kusema hapana."

"Na kusema una mchumba Lamu, ulishindwa pia?"

"Ukasema mimi dadako," Umulkheir aliongeza.

"Aliona jina lako kwenye simu kila siku. Ningesema nini?"

"Nabil, baada ya nikaha uliendelea kunipigia. Nikakusomea namba, tukakaa saa nzima ukinisimulia tutakavyopaka rangi chumba. Wakati huo yeye alikuwa wapi?"

"Jikoni," alisema Nabil kwa sauti ya chini.

Umulkheir alifumba macho. Angemdanganya hapo, pengine ingeuma kidogo.

"Nakupenda wewe," Nabil aliendelea. "Hilo halijawahi kuwa uongo. Nakuja Lamu. Daktari akiniruhusu kusafiri tu, nakuja nizungumze na Bwana Jeilani."

"Baba yangu hajui. Nimeshindwa kumwambia."

"Usimwambie. Nitakuja kumwambia mimi."

"Hata hilo unaomba nilifiche?"

Akakata. Jioni hiyo hiyo, baba yake aliporudi na vumbi la mti nguoni, maana Bwana Jeilani ni mchonga milango, alimweleza yote tangu mwanzo. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Alikwenda akatawadha, akaswali, na alipomaliza alibaki kwenye mswala kwa muda mrefu sana.

* * *

Wiki ya tatu, Razan alipiga.

"Umulkheir," alisema. Hakusema wifi.

"Razan."

"Nimesoma simu yake. Yote. Nimerudi nyuma mpaka mwaka juzi." Alikuwa akipumua kwa shida, kama mtu aliyepanda ngazi. "Siku ile hospitali, ulikuwa unajua wewe ni nani kwake, na mimi nakuita wifi. Mbona hukunambia?"

"Mumeo alikuwa anapasuliwa. Ningekwambia nini?"

"Ningelikuwa mimi, nisingelizisoma zile namba."

"Usijisemee. Hujui ungefanya nini."

Kisha Razan akalia, kilio cha kujizuia, cha mtu asiyetaka kusikika nyumbani kwao.

"Nna mimba ya miezi mitano," alisema. "Na yeye kesho anapanda ndege kuja kwako. Sikumzuia. Nimemwambia nenda. Lakini nataka nikuulize wewe, kwa sababu yeye sijui tena lipi lake la kweli. Unamtaka?"

Umulkheir angeweza kusema hapana, jambo likaisha hapo. Alikuwa amechoka na uongo.

"Namtaka," alisema. "Sijui kuacha kumtaka. Nimempenda tangu nina miaka kumi na tisa."

"Ah." Ilikuwa sauti ndogo sana.

"Lakini simchukui, Razan. Tulia. Sijui nitafanyaje, lakini simchukui."

"Usinionee huruma."

"Sikuonei wewe. Najionea mimi."

* * *

Nabil alifika siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amekonda, kanzu imemzidi, mkono mmoja kaushika ubavu wa kulia. Bwana Jeilani alimkaribisha kwenye daka, pale kwenye viti vya mawe vya ukumbi wa mlangoni ambapo wageni wa kiume hukaa. Alimpa maji. Alimuuliza hali ya kidonda. Adabu ile ilimuuma Nabil kuliko matusi.

Umulkheir alitoka akaketi upande wa baba yake.

"Sema, mwanangu," Bwana Jeilani alisema. "Ulilolifuata."

Nabil aliinamisha kichwa. "Nimekosa, baba. Nimekukosea wewe, na nimemkosea Umulkheir. Nimekuja kuomba radhi, na kuomba ahadi yetu isivunjike. Nataka kumwoa kama tulivyokubaliana. Uwezo wa kuwatunza wote wawili ninao."

"Anayeombwa si mimi," alisema mzee. "Mwambie mwenyewe."

Nabil aligeuka. Mara ya kwanza kwa miaka miwili waliangaliana bila kioo cha simu katikati. Umulkheir aliona mvi mbili tatu ndevuni ambazo hakuzijua.

"Umu, dini haijanikataza."

"Najua. Ungekuja kabla ukaniambia, Umu, nimempata mwingine, nataka kuwaoa wote, pengine ningelia mwezi mzima halafu nikakubali. Jinsi nilivyokupenda, pengine ningekubali. Hukunipa nafasi hiyo."

"Nipe mimi nafasi sasa."

"Nafasi gani? Ukiwa hapa, utamwambia nini Razan? Ukiwa kule, utasema mimi ni nani?"

Nabil alipiga goti chini, akakunja uso kwa maumivu ya ubavu.

"Basi nitamwacha," alisema haraka. "Kama ni yeye anayekuzuia, nitamwacha. Nitampa talaka yake. Naapa, Umu. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza. Nikirudi tu, nitamwacha."

Bwana Jeilani alitoa sauti, "Ah, ah," akageuza uso.

Umulkheir alibaki akimtazama kijana huyu aliyepiga goti. Alikuwa amejitayarisha kwa maneno mengi, na baadhi yake aliogopa yangemshinda. Kama angesema, Umu, nampenda na yeye pia. Kama angelia tu. Hili hakuwa amelitayarishia.

"Ana mimba, Nabil."

"Mtoto nitamlea."

"Alikaa kwenye baraza ya hospitali na kompyuta mapajani, hajui kama utatoka mzima, akapigania masomo yako hadi dakika ya mwisho. Umekuja hadi hapa kuniambia utamwacha, nawe unasema kama mtu anayebadilisha shati." Akajivuta nyuma kidogo. "Nilidhani umekuwa mwoga tu. Mwoga ningemsamehe."

"Nimesema kwa sababu nakupenda!"

"Hilo ndilo linalonitisha. Siku moja utampenda mtu mwingine, na mimi nitakuwa jikoni."

Nabil alinyoosha mkono kushika upindo wa buibui lake. Bwana Jeilani alikohoa mara moja, na mkono ukarudi.

"Baba," Umulkheir alisema, bila kumwondolea Nabil macho. "Irudishe posa. Kila kilicholetwa kwa jina langu kirudi kwao."

"Umu!"

"Simu yako na laini yako zipo pale kwenye bahasha. Nenda chuoni wakubadilishie namba. Ukishindwa kufika, mwulize yule Wafula aliyezungumza na Razan ufanyeje."

"Umu, nitazame."

"Nakutazama. Nimekutazama tangu ulipoingia. Ndiyo sababu nataka uende sasa, kabla sijabadilisha neno."

Nabil alisimama kwa shida. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. Alimbusu Bwana Jeilani mkono, akachukua bahasha, akatoka. Walisikia viatu vyake vikishuka kichochoroni, vikasimama mahali, vikaendelea.

Umulkheir alibaki ameketi wima, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Mwanangu," baba yake alisema.

"Naam, baba."

"Nalikuwa naomba usikubali. Nami nalikuwa naomba ukubali, nisikuone ukiwa hivi. Sikujua niombe lipi."

Hapo ndipo alipolia. Tangu ile siku ya dukani hakuwa ametoa chozi. Watu wa mtaani walishaanza kusema huyu msichana ana moyo wa chuma. Alimwangukia baba yake kifuani, kwenye ile kanzu inayonuka mti wa mkoko na mafuta ya kupaka milango, akalia kwa sauti hadi majirani wakafunga madirisha yao ili asione haya. Mzee hakumwambia anyamaze.

* * *

Mwezi wa Mfungo Sita uliingia, Maulidi yakasomwa, mji ukajaa wageni. Ijumaa iliyokuwa ya harusi ilipita. Umulkheir alifungua duka siku hiyo. Alitoa nakala za vyeti, akachapa barua ya mtu ya kuomba kazi, akaweka makosa kumi na mawili katika ukurasa mmoja, akairudia.

Bi Alawiya alikuja dukani mara moja, kwa miguu yake, amechoka, akishikilia ukuta. Hawakuzungumza mengi.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe, Bi Alawiya. Lakini kuja kwako siwezi. Nikiingia mlango ule nitamwona kila mahali."

Bi Alawiya aliitikia kwa kichwa. Aliomba akae kidogo apumzike, akapewa kiti, akakaa. Kisha akaenda.

Nabil alipata shahada yake. Alirudi Muscat, Razan hakumfungulia mlango kwa mwezi mzima, baadaye akamfungulia. Wanaishije, wanajua wenyewe.

Kabla ya Ramadhani, picha iliingia kwenye simu ya Umulkheir. Mtoto wa kike wa siku tatu, amefungwa kwenye kitambaa cheupe, ngumi imeshika shavu. Chini yake Razan alikuwa ameandika:

*Sijui kama nakutendea wema au ubaya kukutumia picha hii. Nimeona ni haki ujue. Uzazi ulikuwa mgumu lakini tuko salama.*

Umulkheir alikuwa ngazini, akipanda na kikapu cha sokoni. Aliketi palepale. Aliikuza picha kwa vidole viwili. Nyusi zilikuwa za Nabil. Namna ya kukunja paji la uso, hata usingizini, ilikuwa ya Nabil, na alikuwa ameingoja sura hiyo kwa miaka, akiiwaza kwa mtoto mwingine.

Akaandika:

*Mashallah. Mungu amkuze, amfanye mwema kwenu.*

Akatuma. Akangoja hadi alama mbili zikageuka buluu.

"Umulkheir?" baba yake aliita kutoka juu. "Mbona umekaa hapo? Kuna nini?"

"Hakuna, baba," alijibu. "Nakuja."

Lakini hakuinuka. Aliweka kichwa juu ya magoti, kikapu kando yake, akalia kama siku ile Nabil alipoondoka.